Mwalimu Wangechi na Wasichana wa Banda la Chai

Marehemu Mwalimu Magdaline Wangechi Kingori alizaliwa tarehe 3 Agosti 1932 karibu na Giakanja, akiwa binti wa pili wa mzee Wamae na mama Gathoni, wote marehemu. Alisoma shule ya misheni mpaka Hali ya Hatari ya mwaka 1952 ilipomkatiza. Hakukata tamaa. Alijisomea nyumbani, akafanya mtihani wa sekondari akiwa tayari mama, kisha akasomea ualimu Nairobi na kuhitimu mwaka 1965.

Mwaka 1955 alikuwa ameolewa na Barnabas Kingori, karani wa stesheni ya reli, Sagana. Walijaliwa watoto watatu.

Alifundisha hesabu katika shule moja ya wasichana hadi Machi 1970. Mwezi huo Monicah, mwanafunzi wake wa kidato cha tatu, alifukuzwa kwa sababu ya mimba. Wiki iliyofuata Monicah alijitoa uhai. Alizikwa haraka haraka, bila mchungaji na bila mtu wa kusoma maneno kama haya. Wangechi alirudi shuleni siku hiyohiyo, akarudisha chaki, akaacha kazi. Wengi tulimwona amechanganyikiwa, na tulimwambia hivyo.

Alianza kufundisha wasichana waliofukuzwa katika banda la kununulia majani chai, asubuhi, kabla wachumaji hawajaleta vikapu. Watoto wachanga walilala juu ya magunia. Akijua kwamba hakuna baba ambaye angemrudisha shule binti aliyemtia aibu, aliwaambia wazazi kwamba anafundisha cherehani. Basi siku moja mzee Gatimu akaleta suruali iliyochanika, binti yake aishone. Msichana akaigeuza huku na huku.

"Ati miezi sita na hawezi shona mfuko?" mzee akauliza. "Kwani mnafanya nini hapa?"

"Anajua aljebra, baba," Wangechi akasema. "Suruali lete, nitashona mimi."

Mzee alikasirika, lakini hakumwondoa binti. Wangechi aliishona suruali hiyo vibaya sana, na mzee aliivaa hivyohivyo hadi sokoni.

Kanisani, wasichana hao walikuwa wametengwa na Meza ya Bwana, wakawekwa benchi ya nyuma. Wangechi, ambaye hakuwa na kosa lolote, alihamia benchi hiyo na kukaa nao. Wazee walipomwita ajieleze, aliwaambia atarudi mbele siku wasichana wote watakaporudishwa. Hawakurudishwa, naye hakushiriki tena Meza ya Bwana mpaka kufa.

Kila mwaka shida ilikuwa mahali pa kufanyia mtihani. Mwaka huu wa 1977 ni Mwalimu Dishon peke yake, mkuu wa shule moja ya jirani, aliyekubali kuwapokea, kwa sharti moja: "Bodi ya shule inasema ni lazima mwalimu asimame na hao kwa geti kila siku. Kukitokea maneno, yeye ndiye atajibu." Wangechi alikubali, ingawa saratani ya koo ilikuwa imemshika tangu Februari. Sauti ilipomwishia, aliandika ubaoni na msichana mmoja akawasomea wenzake. Alifundisha hivyo hadi tarehe 10 Oktoba. Alifariki tarehe 14, hospitalini Nyeri, mumewe akiwa kando yake. Neno la mwisho alilomnong'oneza ni, "Wasikose mtihani."

Jumanne Mwalimu Dishon alikuja kutoa pole, na macho yake yalikuwa mekundu. Mzee Kingori alimwambia, "Nitasimama mimi kwa geti."

"Mzee, bodi itakataa. Wanataka mwalimu."

Tumewauliza walimu tunaowajua. Wengine wanaogopa kuhamishwa, wengine wamesema watatuombea. Hatujui tena pa kwenda.

Ameacha mume, Barnabas Kingori, watoto wake Theuri, Ngendo na Gathoni, dada yake Wachuka, wajukuu wawili, na watahiniwa wake, walioketi hapa karibu na jeneza na watoto wao mgongoni. Mtihani unaanza tarehe 7 Novemba. Ikiwa kuna mwalimu katika umati huu anayeweza kusimama nao, tunamsihi asiondoke kabla ya kumwona Mzee Kingori. Tutamngoja hapa kaburini, hata watu wote wakishaondoka.

Mungu ampe Wangechi mapumziko aliyoyakataa akiwa hai.