Nati Iliyobaki Ndani ya Tangi la Mkunga

Mgeni rasmi, Mama Mganga Mkuu. Dada Mkunga uliyeketi kulia kwake. Wazee, kina mama, na nyinyi mliosimama juani kwa kuwa viti tumewaachia wageni,

Sisi mafundi wa pikipiki na wasaga nafaka tunaofanya kazi chini ya banda hili moja tunakusalimu kwa heshima na furaha.

KARIBU MAMA

Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walikuwa wanakusema wewe. Umekuja na pikipiki mpya ya zahanati, na sisi kwa heshima yako tumezima mashine ya kusaga, jambo ambalo Shangazi wa Mashine hakulifanya hata siku mwanawe alipooa. Ukisikia harufu ya petroli na pumba kwa pamoja, usishtuke, ndiyo manukato yetu. Anayekusomea risala hii ni mkwe wa Shangazi. Tumemchagua kwa kuwa ana sauti, na pia ana sababu. Sababu yenyewe unaiona kwa macho.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Jana Dada Mkunga alipita hapa akatuambia, "Nyinyi nawajua. Habari za uhamisho wangu msiziweke kwenye risala, mtanifedhehesha mbele ya mkubwa wangu." Tukamwahidi, na ahadi ni deni. Kwa hiyo, mgeni rasmi, risala hii haihusu uhamisho. Inahusu kutu.

TULIKOTOKA

Kabla ya Dada huyu, zahanati yetu ilikaa misimu miwili ya mvua bila mkunga. Pikipiki yake iliegeshwa nyuma ya jengo, tangi nusu, mfuniko umepotea, mdomo umezibwa kwa mfuko wa plastiki. Kuku walitagia chini yake. Dada alipopangiwa kwetu, alifukuza kuku, akapiga kiki mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, ikawaka. Tukampigia makofi. Tulishangilia mapema mno.

Asubuhi moja Shangazi alimpigia simu kwamba mkwe wake, huyuhuyu msomaji, ameshikwa na uchungu. Pikipiki ikazima katikati ya kilima. Dada akachomoa mpira wa mafuta, akapuliza, akameza petroli kidogo, ikawaka, ikaenda hatua chache, ikazima tena. Akaiacha kwa muuza mkaa, akajitwika begi lake, akakimbia. Alifika mlangoni anahema kuliko mzazi mwenyewe, hata mzazi akamwambia, "Dada, kaa kwanza upumzike, mimi nitakusubiri."

Hakusubiri sana. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na sauti amerithi kwa bibi yake. Lakini Shangazi alikuwa ameona jinsi miguu ya Dada ilivyokuwa ikitetemeka. Akamwambia, "Mwanangu, hiyo pikipiki iletwe bandani leo hii."

TANGI LENYEWE

Fundi Polepole, mkuu wa mafundi wetu, alimulika tochi ndani ya tangi, akasema, "Dada, hili si tangi, hiki ni chungu cha udongo." Kutu ilikuwa imebanduka magamba, na magamba ndiyo yaliyokuwa yakiziba njia ya mafuta.

Tangi jipya halikupatikana. Basi tukalifungua, tukamwaga mafuta, tukatoa koki ya mafuta na kuziba tundu lake kwa kipande cha ndara. Tukajaza siki, ambayo hula kutu. Lakini siki peke yake ni mvivu, inataka kitu kigumu cha kukwangua ndani. Hapo ndipo Fundi Polepole alipotumbukiza nati zake za zamani, na hapo ndipo mambo yalipotuponyoka. Habari zilienea kwamba tangi la mkunga linasafishwa. Kila aliyepita akatoa nati yake kama mchango, ya baiskeli, ya mkokoteni, hata kinyozi alileta ya kiti chake, na wateja wake wiki nzima walinyolewa wameinama upande. Hakuna aliyehesabu. Nani angehesabu mchango wa mwenzake?

Ikabaki kazi ya kulitikisa. Mabega yalipotuishia, Shangazi akasema, "Lileteni huku. Mashine yangu inatikisa hata meno." Tukalifunga kwa mipira kwenye mguu wa mashine, likatikiswa kutwa nzima. Wenye mahindi walikuwa wakiuliza kwa kupiga kelele, "Leo mnasaga mawe?"

Jioni tulimwaga rojo jekundu kama udongo wa mfinyanzi. Tukasuuza kwa maji ya magadi kuua ukali wa siki, tukalikausha kwa hewa ya moto ya injini ya mashine, tukazungushia oili ndani ili kutu isirudi. Likang'aa. Nati nazo zikatoka, isipokuwa moja. Iliingia nyuma ya mkunjo wa bati, na kama wasemavyo, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Fundi Polepole akataka kulikata tangi. Dada akaendesha kwanza mpaka kilimani na kurudi, nati inalia kila penye shimo, akashuka anacheka. "Iacheni. Watu watajua nakuja."

Na kweli wakajua. Pikipiki tukaiita Njuga. Ikisikika chini ya kilima, mlango unafunguliwa, maji yanabandikwa jikoni, mume aliyekuwa anazubaa anapata akili. Hadi leo kila mmoja wetu anaapa kwamba nati ile ni yake.

TUNAYOJIVUNIA

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tangu Njuga ianze kulia, hakuna mama wa hapa aliyejifungua peke yake. Sifa ya tangi ni yetu. Sifa iliyobaki mwenyewe ameketi kulia kwako.

CHANGAMOTO

Njuga sasa fremu imechoka, na pikipiki uliyotuletea imekuja wakati wake. Asante sana, Mama. Tangi lake ni safi kabisa. Tunajua, kwa sababu Fundi Polepole alishachungulia kabla hujamaliza kushuka kwenye gari.

Changamoto yetu ni moja tu. Tangi haliliwi na kutu kwa kutembea. Huliwa kwa kukaa. Likiegeshwa nusu, hewa yenye unyevu inaingia na bati linaanza kuoza taratibu, wala hakuna anayesikia. Lile la kwanza liliharibika katika misimu ile miwili ambayo hapakuwa na mtu. Hatusemi zaidi. Dada Mkunga anatutazama hivi sasa kwa lile jicho ambalo kila aliyejifungulia hapa analijua. Dada, sisi tunazungumzia pikipiki.

MAOMBI

Tunaomba mfuniko wa tangi wenye kufuli.

Tunaomba pia mwendeshaji. Hatuchagui mtu, ila awe anajua kila nyumba iliyo nyuma ya kilima, awe ameshawahi kumeza petroli kwa ajili yetu, na akicheka asikike mpaka kwenye mashine.

La mwisho, pikipiki mpya haina sauti. Leo asubuhi ilipita mtaani na hakuna aliyefungua mlango. Tunaomba ruhusa ya kutumbukiza nati moja ndani ya tangi lake. Iko mfukoni mwa Fundi Polepole, ameisugua mpaka inang'aa. Ila amekataa kuitia mpaka ajue anamtilia nani.

HITIMISHO

Mama, tunakushukuru kutoka moyoni. Mungu akupe afya, akulindie wanao, na safari yako ya kurudi iwe nyepesi. Ulichotuletea tutakitunza.

Msomaji wetu anaomba radhi kwa kusoma ameshika kiuno. Mtoto wa pili yuko njiani, na mama yake anasikiliza kilima. Anaomba ruhusa akae.

Ni sisi watumishi wako,
Umoja wa Mafundi na Wasaga Nafaka, Banda la Mashine