Kura ya Tano kwenye Ligi ya Dadu

Jumamosi hiyo Arlene Hostetler alifika mapema kwenye benchi la nje ya duka la donati, akapangusa umande kwa leso na kuweka daftari lake magotini. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa katibu wa ligi ya besiboli ya mezani: unarusha dadu mbili, unapata namba ya tarakimu mbili, unaitafuta kwenye kadi ya mchezaji, kadi inakwambia kama amepiga au ametolewa. Kila matokeo aliyaandika yeye, kwa penseli, na kuyahakiki mara mbili. Leo ligi ilikuwa inaamua kama ihamie kwenye kompyuta. Kompyuta hujiandikia matokeo yenyewe. Usiku kucha Arlene alikuwa amejiuliza Jumamosi zake zitakuwa za nini.

Merle, fundi bomba mstaafu waliyemwita Shemasi kwa sababu huziombea dadu kabla ya kuzirusha, alikuja na chupa ya kahawa. Dwight, ambaye jina lake la benchini ni Waya, alikuja na kompyuta yake kwapani. Clyde alikuwa amehamia Arizona kwa binti yake na kura yake aliituma kwa simu: kompyuta, ili acheze akiwa huko huko. Waya naye alitaka kompyuta, Shemasi na Arlene walitaka dadu: wawili kwa wawili. Wa tano ndiye angeamua, naye alikuwa mgeni: Bwana Rosario, aliyehamia mtaani mwezi uliopita na kupewa kiti cha marehemu Harold.

— Karibu, Bwana Rosario, alisema Merle. Usimsikilize Waya. Kompyuta haina moyo.

— Dadu ndizo zina moyo, Shemasi? aliuliza Dwight.

— Zangu zinao. Mrushaji wangu wa kwenye kadi, Stubby Kresge, hajawahi kushinda siku ya mvua. Dadu zinajua goti lake lilikuwa linamsumbua.

— Stubby alikufa kabla sijaoa!

— Goti halijasahau.

Dwight alimgeukia mgeni, donati mkononi.

— Sikia, ndugu yangu. Hii mashine inapima upepo, joto, hata urefu wa nyasi. Juzi imesimamisha mchezo kwa mvua. Nachungulia dirishani, kweli inanyesha!

— Kwa hiyo inakuchungulia, alisema Merle. Nimekuwa nikisema. Na inawachukia wanaotumia mkono wa kushoto. Binamu yangu alicheza nayo, wa mashoto wote wakavunjika vidole wiki moja.

— Binamu yako yupi?

— Humjui.

— Halipo hata moja la kweli hapo. Mimi nimeingiza namba zote za ligi yetu humu, kila daftari la Arlene, tangu mwanzo. Kompyuta sasa inawajua wachezaji wetu kuliko mama zao!

Madaftari yake yote yalikuwa yameingia ndani ya kile kisanduku, na yeye kabaki nje.

— Mpeni arushe, alisema Arlene. Ajionee kabla ya kupiga kura.

Bwana Rosario alizichukua dadu, zote nyeupe, akazirusha juu ya kifuniko cha boksi la donati. Moja ikaonyesha sita, nyingine moja. Akazitazama kwa adabu.

— Samahani, mama. Hii ni sitini na moja au ni kumi na sita?

— Sitini na moja, alisema Arlene.

— Kumi na sita, alisema Dwight. Ya kushoto inatangulia.

— Inatangulia iliyosimama kwanza! alisema Merle. Ya sita imesimama kwanza, kwa hiyo sitini na moja. Wewe unasomaje, Arlene?

Sitini na moja mpigaji anafika kituo cha pili. Kumi na sita ametolewa.

— Zamani moja ilikuwa nyekundu, alisema Dwight polepole. Ndiyo ilikuwa makumi.

— Ilipotelea chini ya jiko langu, alisema Merle. Mwaka wa elfu mbili na tatu. Nikaweka nyeupe, ya wiki moja tu.

— Arlene, unasomaje? aliuliza Dwight tena.

Masikio yalimwaka. Mwanamke anayehakiki mara mbili!

— Kubwa kwanza, alisema.

— Kubwa kwanza! alisema Merle. Na kwenye kadi namba kubwa ndizo zenye mapigo! Ndiyo maana umechukua kombe mara tisa!

— Nilidhani nyote mnafanya hivyo. Kila mtu alitaja namba yake, mimi nikaandika.

Dwight aliitazama kompyuta yake kama chakula kilichochacha.

— Basi na humu mmejaa uongo mtupu.

Arlene alifungua ukurasa mpya, akachonga penseli.

— Tunarudia, alisema. Tangu elfu mbili na tatu. Kwa dadu, maana kwa dadu ndiko tulikokosea. Clyde atanunua zake Arizona, moja nyekundu.

— Arlene, hiyo ni michezo zaidi ya elfu mbili! alisema Dwight.

— Elfu mbili mia nne na kumi na miwili.

— Mama wee, alisema Merle. Tutaupata wapi muda?

Bwana Rosario alimimina tone la mwisho la kahawa.

— Kwani nyie, aliuliza, mna shughuli gani nyingine?

Arlene akaiandika hiyo kama kura ya tano: dadu. Kisha Merle akanyanyuka kwenda kununua kahawa.