Sufuria Lililopinduliwa Mlangoni

Padri wetu, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, wazee, ndugu na majirani wa hapa Mwabulenga, pamoja na ninyi mliotoka Nassa, Lamadi na Lingeka, mwangaluka. Mimi ni Philomena, mtoto wa pili wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, na ndimi niliyepewa na familia kazi ya kusoma historia hii. Nimesikia wapo waliouliza kwa nini isisomwe na mwanaume, na jibu ni kwamba marehemu mwenyewe alinitaja, akasema kaka yangu Boniventura ana huruma mno na sehemu ya katikati atairuka. Mimi sitairuka.

Mama yetu, Dorkasi Milembe binti Zengo, alizaliwa Nassa tarehe 3 Machi 1929, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Zengo, mkulima aliyekuwa pia na mtumbwi wake ziwani. Aliingia shule ya misheni ya hapo Nassa mwaka 1938, akasoma hadi darasa la nne mwaka 1942, na huko, kwa maelezo yake mwenyewe, alijifunza kusoma, kuandika na kubishana bila kupandisha sauti. Baada ya hapo alitolewa shule ili amsaidie mama yake kuanika na kuuza dagaa, kazi aliyoifanya Lamadi kwa miaka saba, akijitwisha magunia hadi kwenye minada ya huku, na ni katika mnada wa Bariadi, mwaka 1949, alipofahamiana na kijana mlima pamba, Anatoli Gamaya, aliyekuwa akinunua dagaa wengi kuliko wanaoweza kuliwa na mtu asiye na mke.

Walifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 1950 katika kanisa Katoliki, na kwa kuwa jina la Dorkasi lilitoka misheni nyingine, padri wa wakati ule alimchagulia jina jipya la Apolonia, naye mama akamweleza kwa heshima zote kwamba kanisa amelikubali, mume amemkubali, ila jina analo tayari. Akaandikwa Dorkasi. Mungu aliwajalia watoto sita, wawili wakarudi kwake wakiwa wachanga, na tuliobaki ni Boniventura, mimi, Ernestina na kitinda mimba Zengo, aliyepewa jina la babu.

Mwaka 1956, pamba ilipokuwa imekubali, baba alimwuliza mama anataka zawadi gani, akidhani ataambiwa khanga, mama akamwongoza hadi dukani kwa Mzee Jumbe Salimu pale Bariadi mjini, akamwonyesha sufuria kubwa lililokuwa limening'inizwa darini kwa kukosa mnunuzi, sufuria la kupikia ugali wa msiba mzima. Walilibeba kwa mti, huyu mbele, huyu nyuma. Tangu siku ile hapakuwa na msiba katika upande wetu huu ambao sufuria la Dorkasi halikufika, na mara nyingi lilifika kabla ya padri, na mwenye sufuria ndiye aliyesimama na mwiko mpaka mgeni wa mwisho anawe mikono. Kwetu hapa nani asiyejua kwamba aliyekuja kuzika haondoki na njaa, maana kumwondoa na njaa ni kumwambia kwamba siku msiba ukifika kwake tusijuane. Hata katika njaa ya mwaka 1974, tulipokuwa tukila michembe, viazi vilivyokaushwa, asubuhi na unga wa njano ule tuliouita Yanga jioni, sufuria hilo halikulala jikoni, na wapo humu watu wazima leo waliokula kutoka humo wakiwa watoto wasio wa ukoo wetu.

Mwaka huohuo wa 1974 ndipo ilipokuja Operesheni Vijiji, tukatolewa kwenye miji yetu iliyotawanyika, kila mtu na boma lake la ng'ombe na kisima chake, tukapangwa hapa Mwabulenga kwa mistari, mlango ukitazamana na mlango. Shule tulipata, na mimi ni tunda lake, kwa hiyo siisemi vibaya, lakini nasema lililo kweli, kwamba nyumba zilisogezwa kabla ya vyoo kuchimbwa, na kijiji kizima kikategemea visima vile vya mchangani mtoni. Zamani ugonjwa ulichoka njiani kabla haujafika kwa jirani. Mwaka 1975 mama alichaguliwa kuwa balozi wa nyumba kumi, mwanamke pekee katika kijiji, na waliomchagua walisema sababu ni sufuria.

Sasa nafika katikati. Masika ya mwaka 1978 kipindupindu kiliingia Mwabulenga. Bwana afya alikuja na baiskeli, akaacha dawa ya kutia majini, akatoa amri kwamba maiti wasioshwe na ndugu, kusiwe na mikusanyiko wala kula pamoja misibani, kisha akapanda baiskeli yake akaenda vijiji vingine, maana alikuwa mmoja na vijiji vilikuwa vingi, na amri ikabaki mikononi mwa mabalozi. Tarehe 11 Aprili alifariki baba yetu mkubwa, Joakim, kaka yake baba. Mama alisimama akaisema amri ile mbele ya wazee, wazee wakamjibu kwamba maradhi ni ya mwaka mmoja lakini ukoo ni wa siku zote, na baba, ambaye hakuwahi kumpinga mama katika jambo lolote kubwa, siku hiyo alimpinga. Alimwosha kaka yake kwa mikono yake. Watu walikula sinia moja watu wanane, kama inavyotakiwa, wakalia, wakalala palepale, na sufuria lililopika ni hili la mama, alilolitoa huku roho ikikataa. Msiba ule wa baba mkubwa ulizaa misiba mingine kumi na mmoja, na mmojawapo ni wa baba yetu, Anatoli Gamaya, aliyefariki Alhamisi tarehe 20 Aprili 1978 katika darasa la shule lililogeuzwa kambi ya wagonjwa.

Baada ya kaka yake, baba ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Watu walitembea kutoka Lingeka, wengine wakiswaga kondoo wa rambirambi, na walipofika kwenye mji wake walimkuta mjane yuko mlangoni, sufuria lake amelipindua chini kifudifudi na kulikalia, jiko halina moto, na kando ya mlango pana ndoo ya maji ya dawa. Aliwaambia waombolezaji kwamba anashukuru kwa miguu yao, kwamba marehemu ameshazikwa na watu wanne waliojipaka chokaa mikononi, kwamba hapa hakutalala mtu wala hakutapikwa kitu, na kwamba atakayenyoosha mkono kumpa pole aunyooshe kwanza ndooni. Niliona kwa macho yangu mzee mmoja akitema mate chini. Niliona pia jioni yake, walipokwisha kuondoka wote, mama akichoma shuka, mkeka na koti la baba la kanisani, na alilia kwa namna ambayo sijawahi kumsikia mtu akilia, peke yake, bila mwanamke mwenzake wa kumshika. Wale waliosema hakumpenda mumewe hawakuwepo jioni ile, maana alikuwa amewafukuza ili waishi.

Tarehe 4 Juni wazee walikaa. Waliamua kwamba Dorkasi aliyepindua sufuria msibani alipe ng'ombe, au atengwe, asipewe moto wala maji, asisalimiwe, na siku atakapokufa jembe la mtu wa Mwabulenga lisiguse kaburi lake. Aliyetamka uamuzi alikuwa Mzee Luhende, na namtaja kwa sababu yeye mwenyewe aliniruhusu leo asubuhi. Mama aliulizwa kama ana neno, akapiga magoti kama inavyompasa mwanamke mbele ya wazee, akasema: "Sawa, bhabha. Ng'ombe sitoi. Lakini ili mnisuse mazikoni, lazima kwanza muwe hai, na mimi hicho ndicho nilichokitaka." Akainuka, akaenda kuteka maji.

Mimi si daktari, na kipindupindu hakikuaga kilipoondoka wala hakikueleza nani alikifukuza. Ninachojua ni hesabu ambayo kila mtu hapa anaijua hata kama haisemi, kwamba msiba wa baba mkubwa ulizaa misiba kumi na mmoja, na msiba wa baba haukuzaa hata mmoja.

Alitengwa miaka mitano. Mwaka 1979 ubalozi ukaenda kwa mwingine, naye akarudia kazi yake ya ujana, akinunua dagaa Lamadi na kuwauza Bariadi mjini, kwenye kibaraza cha Mzee Jumbe, aliyempa nafasi hiyo bila kumwuliza yeye ni wa dini gani wala ametengwa na nani. Ilimuuma, nisidanganye, maana kwa Msukuma kunyimwa mwangaluka ni kuambiwa kwamba hakujakucha kwako, na yeye kila asubuhi aliwasalimia wote, kila nyumba, kwa sauti, asiitikiwe, na kesho yake akasalimia tena. Nilipomwambia ahamie kwangu alikataa, akasema akihama watadhani wameshinda na waliokufa watakuwa wamekufa bure. Sufuria lilikaa pale mlangoni kifudifudi miaka yote hiyo, kuku wakatagia chini yake, na hakuruhusu mtu aligeuze.

Mwezi Novemba 1982 alianza kuumwa tumbo, akatibiwa katika hospitali ya wilaya Bariadi, kisha Mwanza, ambako tuliambiwa kwamba ni saratani na kwamba tumechelewa nayo. Alirudi nyumbani Juni mwaka huu, akakataa kufia mjini, na alifariki Jumamosi tarehe 13 Agosti 1983, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 54. Siku chache kabla, alituita watoto wote wanne akatuambia kwamba katika msiba wake sufuria ligeuzwe, lisuguliwe, lipikiwe, na asiondoke mtu na njaa, kwa maana waliokuja kumzika Anatoli bado hawajala.

Tulimwahidi, lakini hatukujua tutampikia nani, wala nani atachimba. Mzee Jumbe, akijua hali, aliahidi kuja na vijana wanne wa mjini na sururu zao, Waislamu watupu, wamchimbie Mkristo asiye na kwao. Leo saa kumi na mbili asubuhi tulipowapokea, tulisikia vishindo kule kando ya kaburi la baba. Walikuwa watu wa Mwabulenga, wa zile nyumba kumi za mama na wa nyumba nyingine, na aliyekuwa shimoni mpaka magotini, na umri wake ule, alikuwa Mzee Luhende na jembe lake. Hakuomba radhi na sisi hatukumdai. Alichosema ni kwamba udongo wa hapa ni mgumu, hao vijana wa Jumbe walete hizo sururu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi na Mwanza, Padri na wanakwaya, walimu wenzangu waliochanga, wachuuzi wa dagaa wa Lamadi waliofunga biashara siku mbili, Mzee Jumbe Salimu, na majirani wote, hata ambao hawakuitikia salamu zake, kwa kuwa wote mko hai na wote mmekuja, kama alivyotaka.

Tukitoka kaburini hakuna kutawanyika. Sufuria liko motoni tangu alfajiri, ugali upo, nyama ipo, na dagaa wa Lamadi wapo. Pale mlangoni Ernestina amesimama na ndoo ya maji na miche miwili ya sabuni aliyoitoa Mzee Jumbe, na sote tunajua sabuni ilivyoadimika mwaka huu, kwa hiyo msiipite. Hakuna atakayegusa sinia kabla ya kunawa, awe mzee, awe Mwenyekiti, awe Padri, amri ya balozi haijafutwa. Mkishanawa, kaeni mle mshibe, mliosubiri tangu mwaka sabini na nane.

Mwangaluka, mayu, mama yetu. Leo wote wameitikia. Pumzika sasa katika amani uliyoisimamia peke yako.