Mzee Nyamaza, Mtembeza Wageni wa Jioni

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi bomba na mshona sare za shule. Alikuja akilia kwa nguvu hadi mkunga akasema, "Huyu atakuwa mpiga debe." Mkunga alikosea. Kaka yake mkubwa, aliyeandika haya na aliyemzidi kwa sura, picha zipo, ndiye aliyechukua maneno yote ya nyumba ile.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Alikaa dirishani akitazama ndege, na walimu waliweka alama ya mahudhurio kwa mwili tu.

Mwaka 1984 aliajiriwa hifadhini kufyeka njia, kisha akakabidhiwa wageni wa jioni. Jua likizama aliwaketisha upepo ukiwapiga usoni, akafunika tochi kwa kitambaa chekundu, wakamsubiri muhanga, yule mnyama mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe, atoke shimoni kutafuta mchwa. Kuongea marufuku. Ndipo wageni wakamwita Mzee Nyamaza. Aliyelalamika kwamba mnyama hatoki aliambiwa, "Yeye hajaambiwa kwamba umekuja."

Jioni moja alikuja muuguzi aliyejipulizia manukato.

"Dada, hayo yanasikika mpaka shimoni."

"Basi nirudishe langoni, maana mimi siyaoshi."

Akamrudisha, wakasimama langoni wakipiga soga, na wageni wakaachwa wakilinda shimo tupu. Walifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1989.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua. Kwa wengine kikohozi ni kikohozi. Yeye kilimtoa kazini, maana akikohoa mara moja muhanga harudi. Mkuu wa hifadhi akasema matembezi ya jioni yafutwe, hakuna mwingine anayeyaweza. Marehemu hakula siku hiyo.

Binti yake, mkata tiketi wa langoni, akasema, "Baba, nitawapeleka mimi."

"Wewe? Wewe unaongea hata usingizini!"

Lakini alimfundisha, msimu mzima, na mkuu akakubali wajaribu mara moja tu. Jioni hiyo marehemu alibaki garini, vioo vimefungwa, shuka mdomoni. Wageni waliporudi, bibi mmoja asiyemjua akagonga kioo.

"Mzee, umekosa mambo! Amepita hapa, karibu na viatu vyangu!"

"Nani huyo?"

"Muhanga!"

"Mh. Ana masikio marefu?"

"Marefu, mzee wangu, marefu!"

Akamwacha asimulie mpaka akachoka, kama mtu ambaye hajawahi kumwona mnyama huyo. Binti alikuwa amesimama nyuma ya bibi, anasubiri neno. Baba akafuta macho kwa shuka, akasema, "Kesho usinipitie. Nitakaa na mama yako."

Alifariki tarehe 14 Juni 2023, alfajiri, nyumbani, muuguzi wake akiwa pembeni.

Ameacha mjane, wana wa kiume wawili, wajukuu wanne, kaka asiyejua kunyamaza, na binti ambaye leo ataondoka makaburini kabla yetu, kwa sababu wageni wa jioni wanamsubiri langoni. Asilaumiwe. Angechelewa, baba yake mwenyewe angemfukuza.

Mungu ampumzishe ndugu yetu kwa amani.