Unaisi Rokovada na Picha Arobaini na Moja

Marehemu Unaisi Rokovada alizaliwa tarehe 14 Mei 1966 kijijini Navatudamu, karibu na Savusavu, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Josaia na Bi Litia. Mama yake alisimulia kuwa alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakutulia tena. Hata kanisani alipangua vitabu vya nyimbo na kuvipanga upya.

Alisoma shule ya msingi kijijini, na mwaka 1980 akavuka bahari kwenda shule ya bweni mjini Suva. Mwaka 1990 alihitimu mafunzo ya ukutubi.

Mwaka 1991 aliajiriwa na Chuo cha Bahari Kuu kuwahudumia wanafunzi wa visiwa vya mbali. Enzi hizo vitabu vilisafiri kwa meli, ndani ya maboksi. Boksi moja lilifika limelowa chepechepe, naye akamfuata fundi wa meli gatini na kumtolea uvivu mbele ya abiria. Kesho yake fundi alimletea turubai jipya. Huyo ndiye Peceli. Walifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1994, wakajaliwa Vika na Manoa.

Masomo yalipohamia mtandaoni, vita vyake navyo vikahamia huko. Wahadhiri walikuwa wakipiga picha kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, na kukitundika kwenye somo. Bingwa wao alikuwa mdogo wake Isoa, mwalimu wa elimu ya matumbawe, ndiye huyu anayewasomea wasifu huu. Machi mwaka huu Unaisi alikiondoa kitabu alichotundika Isoa bila hata hodi.

"Dada, umenivua nguo mbele ya wanafunzi!"

"Umejivua mwenyewe. Hicho ni cha wizi, na dole gumba lako limo kila ukurasa. Maktaba imekilipia. Weka kiungo, wakisome huko."

"Si kitabu kilekile?"

"Muulize Asenaca."

Asenaca ni mwanafunzi wa Taveuni, na haoni. Kompyuta humsomea maandishi kwa sauti. Kwenye nakala ya Isoa ilimsomea neno moja tu, "picha", kurasa mia tatu. Alikuwa ameshashindwa mtihani wa somo hilo mara moja, na akishindwa tena chuo kinamwondoa. Isoa alidhani ni mvivu. Aibu hiyo anayo mpaka leo.

Nakala ya maktaba ilisomeka vizuri, ila picha zake arobaini na moja zilikuwa bubu. Unaisi aliwaandikia wachapishaji barua saba, akiomba ruhusa ya kumtengenezea Asenaca nakala yenye maelezo ya kila picha. Isoa alimwambia aandike tu bila kungoja ruhusa, nani atajua?

"Wewe Isoa! Ukishikwa utasema dada alikutuma."

Ruhusa ilifika tarehe 19 Agosti.

Wakati huo figo zilikuwa zimemchosha. Tangu Februari 2022 alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na sasa akawa anaandika kwa mkono mmoja huku mashine inanguruma. Manesi walimsihi apumzike.

"Mtihani ni tarehe 16 Oktoba," aliwajibu. "Semeni na hiyo tarehe, msiseme na mimi."

Kila alipomaliza picha moja, alimpigia Asenaca. "Umeiona?" Akiambiwa bado, alifuta na kuanza upya. Peceli aliumia sana kumtazama, na hakuthubutu kumzuia.

Alifariki Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, saa mbili asubuhi, hospitalini Suva. Picha thelathini na nane zilikuwa tayari.

Tatu zilizobaki zilimwangukia Isoa. Ya kwanza aliiandika kwa dakika tano na kumpigia Asenaca. Akamjibu: "Mwalimu, umenipa jina lake tu. Mimi sijaona kitu. Mama Unaisi angeirudia."

Akairudia mara nne. Hakuwa amejua kwamba dada yake alifanya kazi ngumu kiasi hicho, na hakuwahi kumwambia asante. Hadi asubuhi ya leo, mbili zimekubaliwa.

Marehemu ameacha mume, Peceli, watoto wawili, Vika na Manoa, wajukuu watatu, mdogo wake mmoja, Isoa, na picha moja. Wazee mtamwia radhi msomaji wenu akitoka makaburini bila kuketi nanyi kunywa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi. Mtihani ni Jumatano, na Asenaca anasubiri simu.

Mungu akupe amani, dada. Lala. Isoa anaandika.