Mwalimu Hamia Kule na Mstari Wake wa Chaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha somo la Uraia katika shule yetu, Mwalimu Hamia Kule anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina la kwenye vyeti vyake analo, ila ukiliulizia getini mlinzi atakuambia hamjui mtu huyo. Sema Hamia Kule, atakusindikiza mwenyewe mpaka mlangoni kwake.

Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu ya mstari. Kila kipindi chake kilianza kwa kuchora mstari wa chaki sakafuni, kutoka ubaoni mpaka ukuta wa nyuma. Anayekubaliana na jambo husimama kushoto, anayelipinga kulia. Unazungumza, wenzako wanakupigia makofi, unaanza kujiona mbunge. Hapo ndipo Mwalimu anapokutazama juu ya miwani na kusema, "Haya, hamia kule." Unavuka, unautetea upande uliotoka kuuponda, tena kwa nguvu ileile. Ukilegea, unaanza upya. Wapo waliotokwa jasho, na wapo mawakili leo wanaosema walifunzwa uwakili pale sakafuni.

Mwaka mmoja wa uchaguzi, mwanafunzi ambaye mjomba wake alikuwa mgombea aliingia darasani akikimwagia sifa chama cha mjomba. Mwalimu akamwacha amalize, kisha akamhamisha. Kijana alikitetea chama cha pili vizuri mno, na alipofika nyumbani akamuuliza mjomba maswali mpaka mjomba akasukuma sahani. Kesho yake mjomba yuko ofisini kwa mwalimu mkuu: "Huyu mama anawafanyia kampeni wapinzani wangu!" Wiki haijaisha, akaja mzazi wa chama kile kingine na malalamiko yaleyale, ila ameyageuza. Mwalimu mkuu alipotusimulia wakati wa chai alicheka mpaka akapaliwa.

Kicheko kiliisha zilipokuja kanuni mpya za leseni. Kila mwalimu awe na leseni, na kila baada ya muda aihuishe. Mwalimu mwenyewe aliziunga mkono. Alisema dereva wa lori anadaiwa leseni, seuze mtu anayeachiwa watoto wa watu kutwa nzima. Ila kulikuwa na kifungu kimoja: mwalimu atakayezungumza siasa na wanafunzi hatahuishiwa leseni yake. Malalamiko ya wale wazee wawili yalikuwa bado kwenye faili lake, na akaonywa kwamba likiongezeka jingine, basi tena. Alikuwa amebakiza miaka miwili tu. Wote tulimwambia, "Mama, nyamaza ujimalizie kwa amani."

Akanyamaza kweli. Alifundisha kutoka kitabuni, chaki mfukoni. Sakafu ya darasa lake ikawa safi mpaka inasikitisha.

Halafu mwalimu wa hisabati akasimamishwa kazi. Ni kijana anayefundisha vizuri, lakini leseni hakuwa nayo, na mtihani wa mwisho wa wanafunzi wake ulikuwa unakaribia. Asubuhi hiyo wanafunzi walitoka madarasani wakaketi uwanjani, wakaimba kwamba wanamtaka mwalimu wao. Afisa elimu akaja na kipaza sauti, akasimama penye ngazi za ofisi. Yeye anapiga kelele, wao wanaimba, hakuna anayemsikia mwenzake. Mwalimu mkuu ameshika simu, hajui awaite polisi au asiwaite. Mara mwanafunzi mmoja akainama, akaokota jiwe.

Mwalimu Hamia Kule alikuwa dirishani, katika ofisi ya walimu. Mimi, msaidizi wa darasa la awali, nilikuwa karibu naye, mtoto mgongoni. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mwalimu, leseni yako!" Akanipigapiga kiganja kama anayembembeleza mtoto, akatoka nje.

Aliinama palepale uwanjani, akachora mstari kwenye saruji, kutoka kwenye mlingoti wa bendera mpaka karibu na ngazi. Akamnyooshea kidole kiranja mkuu, msichana aliyekuwa anaongoza nyimbo. "Hamia kule."

Uwanja ukatulia. Msichana akavuka, akasimama upande wa afisa. Kisha akaanza polepole. Alisema mdogo wake alifundishwa na mtu aliyekuwa haji shuleni, na siku akija amelewa, na mpaka leo huyo mdogo wake anasoma kwa kuvizia herufi. "Leseni zingekuwepo," akasema, "yule asingeingia darasani." Jiwe sikuliona tena lilikokwenda.

Mwalimu akamgeukia afisa elimu. "Na wewe, mheshimiwa, hamia kule."

"Mama, mimi mtu mzima. Sivuki mistari ya chaki."

Mwalimu akasubiri, mikono nyuma, kama anavyosubiri darasani. Sauti ndogo ikatoka katikati ya wanafunzi: "Vuka tu, mzee, hata sisi tuliogopa!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, naye akacheka, akavuka. Alipofika upande wa pili akakohoa. Akasema angekuwa yeye ni mwanafunzi, angeuliza kwa nini mwalimu anaondolewa kwa kukosa leseni ilhali mtihani wenyewe wa leseni kwa walimu wapya haujaitishwa. Baada ya hapo akashusha kipaza sauti, kama mtu aliyejisikia mwenyewe.

Wanafunzi walirudi madarasani kwa miguu yao. Siku chache baadaye mwalimu wa hisabati alirudishwa, afundishe chini ya uangalizi mpaka atakapofanya mtihani wake. Aliufanya, akafaulu, na Ijumaa ndiye atakayebeba keki ya mstaafu wetu. Tunaomba asiiangushe.

Lakini Mwalimu aliitwa mbele ya bodi ya leseni, na sote tulijua ndio mwisho. Mwalimu mkuu alimsindikiza, na yeye ndiye aliyetuletea habari. Aliyeitwa kutoa ushahidi ni afisa elimu yuleyule. Mwenyekiti akamuuliza: siku ya mgomo, mwalimu huyu aliwaambia nini wanafunzi?

"Alisema, hamia kule."

Na nini kingine?

Afisa akafikiri sana. "Hakuna kingine, mwenyekiti. Hata mimi aliniambia hivyohivyo."

Nawe ukafanyaje?

"Nikahamia."

Wanabodi walicheka hadi waliokuwa wanangoja nje wakachungulia. Leseni ikahuishwa siku hiyohiyo, na Jumatatu mstari ukarudi sakafuni.

Sisi wasaidizi tunamshukuru kwa jambo moja zaidi. Kanuni zilitutaka na sisi tusomee leseni, na baadhi yetu tulisema hatuwezi, shule tuliishia njiani, tena tuna watoto wadogo. Mwalimu alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaburuta kiatu sakafuni, akachora mstari wa vumbi, akatuhamisha, tutetee kwamba tunaweza. Tulianza kwa aibu tukamaliza kwa kelele. Mwaka huu tunaingia kwenye chumba cha mtihani, na mwanangu, ambaye sasa anatembea, huwaambia kuku wa jirani "hamia kule" na kuku wenyewe wanatii.

Mwalimu wetu, Ijumaa wanafunzi watachora mstari getini. Upande huu ni kengele, madaftari na sisi. Upande ule ni wajukuu, bustani yako na usingizi wa asubuhi. Upande huu umeutetea miaka yote bila kulegea. Tunakuombea afya, furaha na siku ndefu za kuutetea ule mwingine kwa nguvu ileile. Ahsante, mama yetu. Mstari tutaulinda.

Haya, Mwalimu. Hamia kule.