Profesa Awinja na Mgomba Ambao Haujazikwa

Profesa Zilpah Awinja anastaafu tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika sheria, kumi na saba kati ya hiyo akiwa nasi katika Idara ya Sheria hapa Kakamega. Nimeombwa niandike jambo la kuchangamsha. Nitajaribu, ingawa kazi yake mwenyewe haikuwa ya kuchangamsha mtu.

Alizaliwa Matete, akasomea sheria Nairobi, kisha akaenda Ulaya na kurudi na shahada ya uzamifu pamoja na chuki isiyoisha kwa chai ya huko, ambayo mpaka leo anasema ni maji yaliyoonyeshwa majani. Ametetea watu waliofukuzwa makwao katika nchi nne, na amesimama mbele ya majaji wa kimataifa mara nyingi kuliko sisi tulivyosimama mbele ya mkuu wa idara.

Wanafunzi walimwogopa, lo! Kila mwaka aliwatoa Shirere walikopanga, akawapeleka Matete siku ya soko, kila mmoja amweleze muuza nyanya kifungu kimoja cha haki zake. Muuzaji asipoelewa, mwanafunzi hajapita. Kiprop, ambaye sasa ni wakili mwenye tai za hariri, alirudia mara tatu, na mara ya mwisho alinunua debe zima la nyanya ili tu asikilizwe.

Lakini ukitaka kumjua Profesa, kesi ni moja. Clifford Wangila wa Navakholo alikuwa mkataji miwa aliyewaongoza wenzake kudai glavu na viatu. Mwaka 2010 watu wenye gari lisilo na nambari walimchukua njiani, na hajaonekana tena. Mwaka ulipopita, wazee wa ukoo waliamua ifanywe kama desturi inavyotaka mwili unapokosekana: ukatwe mgomba, ulazwe kaburini badala yake, watu walie, wanyoe, maisha yaendelee.

Profesa, aliyekuwa wakili wa familia, alikataa. Alimweleza Mama Gentrix, mamake Clifford, kwamba wakizika mgomba, upande wa pili utasema familia yenyewe imekubali amekufa, na hakuna atakayelazimika kusema alipo. Kisheria alikuwa sahihi kabisa. Mama Gentrix akawakatalia wazee, na wazee hawakumsamehe. Tulipomtembelea alituambia, "Nyinyi watu wa sheria mnajuanga vitabu. Mimi najua tu mvua inanyeshea mtoto wangu mahali."

Kesi ilikula muongo mzima. Mwaka 2021 mahakama ya kimataifa iliamuru waliohusika waseme Clifford yuko wapi. Hapa idarani tulikata keki, na hukumu hiyo sasa inafundishwa ng'ambo. Na waliohusika? Kimya mpaka leo. Inauma, jamani, kushinda namna hiyo.

Januari mwaka huu nilimsindikiza Profesa Navakholo. Mwanamke yule aliyezoea kusimama mbele ya majaji alipiga magoti mbele ya Mama Gentrix, akamwambia kesi imefika mwisho wake, sasa azike mgomba, roho itulie. Mama alimwinua, akampa kiti, akatuwekea obusuma, ugali wa kwetu, na kuku. Kisha akasema polepole, "Madam, wewe ndiye ulinifunza kungoja. Sasa nikimzika, halafu arudi jioni akute kaburi lake?"

Profesa alinawa mikono. Alikula kidogo, kwa heshima tu.

Sherehe ameikataa, na saa ya ukutani tuliyotaka kumzawadia ameikataa pia. Amekodi nyumba ndogo Navakholo, karibu na boma la Mama Gentrix, na atahamia huko siku hiyohiyo anayostaafu. Tulimuuliza mtu wa hadhi yake atafanya nini huko kwenye miwa. Alisema anaenda kungoja naye.

Profesa, ahsante kwa wanafunzi, kwa vitabu, hata kwa ukali wako. Wastaafu wengine hutakiwa mapumziko mema. Wewe tunakuombea mlango wa Mama Gentrix ubishwe siku moja, na anayebisha awe amekuja kusema alipo Clifford.

Osiako, kwa niaba ya Idara ya Sheria